Kupima Mwendo wa Mito ya Barafu kwa Picha za Satelaiti: Mwongozo Kamili kwa Anayeanzia Mwanza

Ukipima ukaona mwamba wa mlimani umesogea mita kumi na mbili kwa mwaka, usihangaike na mwamba. Mwamba uko palepale. Kilichosogea ni picha yako, na kama picha imesogea, ile namba uliyoipata juu ya barafu nayo haifai kitu.

Karibu majibu yote mabovu ninayoletewa na wanaojaribu kazi hii, wengi wao wanafunzi wa jiografia na upimaji wa huku Kanda ya Ziwa, yanaangukia hapo. Mtu ana ramani ya rangi inayopendeza, mishale imejipanga, kasi imeandikwa hadi desimali mbili. Ukimuuliza, "Mawe ya pembeni yanasomaje?" kumbe hakuyaangalia kabisa. Kosa la pili ni la mwanzoni: wengi wanaanza na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa sababu ndiyo barafu yetu. Nimeyaweka yote mawili ndani ya hatua zinazofuata, kwa hiyo usiruke hatua hata kama unaona unaijua.

## Andaa hivi kwanza

- Kompyuta yenye RAM ya GB 8 au zaidi, na nafasi ya GB 20 hivi kwenye diski.
- QGIS, programu ya ramani. Ni ya bure.
- Python, lugha ya kuandikia programu, yenye maktaba za numpy, rasterio na scikit-image. Zote ni za bure. Utazihitaji kuanzia hatua ya 6, hivyo usikwame hapa kama hujawahi kuandika programu.
- Akaunti kwenye Copernicus Data Space, ghala la Ulaya linalotoa picha za satelaiti za Sentinel-2 bila malipo. Barua pepe inatosha kujisajili.
- Mipaka ya barafuto (mito ya barafu) za dunia kutoka orodha iitwayo Randolph Glacier Inventory, toleo la 7.0. Nayo ni bure.
- Bando la kutosha. Picha moja kamili hukaribia GB 1, nawe utahitaji nne. Bando la usiku ndilo litakalokuokoa.
- Jedwali la kuandikia namba, la kompyuta au la daftari.

Usitumie picha uliyoinakili kutoka kwenye kioo cha simu wala picha ndogo ya JPG ya onyesho. Hizo zimevutwa na kubanwa ili zipendeze machoni, na vipimo vyake havitegemeki.

## Hatua ya 1: Weka Kibo pembeni

Picha za Sentinel-2 zilizo bora zaidi zina pikseli, yaani kile kitone kimoja cha picha, ya mita 10 kwa 10. Maana yake ni kwamba kitu kilichosogea mita mbili bado kiko ndani ya pikseli ileile. Programu nzuri inaweza kusoma sehemu ya pikseli, lakini picha mbili zenyewe mara nyingi hupishana kwa mita kadhaa kabla hujagusa chochote.

Barafu ya Kibo ni mabaki. Mwaka 1912 ilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 ilikuwa imeshuka chini ya 2. Iliyobaki juu ya uwanda wa kilele imesimama kama kuta, na inapungua kwa kuliwa na jua na hewa kavu pembeni na juu. Ni nyembamba mno kuweza kutiririka kwa kiasi ambacho pikseli ya mita 10 itakiona. Anayekuletea "kasi ya barafu ya Kibo" kutoka Sentinel-2 amepima makosa ya picha zake. Rwenzori na Mlima Kenya ni hivyohivyo, tena Rwenzori wana mawingu ya kukatisha tamaa.

Kwa Kibo pima eneo linavyopungua, utapata kazi ya maana. Kwa mwendo, nenda kwenye barafu inayotembea.

Ninapendekeza Baltoro. Iko milima ya Karakoram, kaskazini mwa Pakistan, ina urefu wa zaidi ya kilomita 60, na inapita karibu na mlima K2 wenye mita 8,611. Sehemu iitwayo Concordia, panapokutana mikono yake mikubwa, barafu husogea zaidi ya mita 100 kwa mwaka. Hizo ni pikseli kumi na zaidi, kiasi ambacho hata jicho linaziona. Pia mgongo wake una mistari mirefu ya mawe meusi na meupe, na mistari hiyo ndiyo alama zako za kufuatilia. Barafu nyeupe tupu isiyo na alama ni mtihani mgumu.

Umefaulu kama: ukigawa mwendo unaotarajiwa kwa mita 10, unapata angalau pikseli tatu katika muda kati ya picha zako mbili. Ikiwa chini ya hapo, ongeza muda au badilisha barafuto.

## Hatua ya 2: Chagua jozi ya picha kwa masharti

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kufeli, na ndipo watu wanapotumia dakika tano. Tumia saa nzima.

Sharti la kwanza: njia moja ya satelaiti. Soma jina la faili. Ndani yake kuna herufi R ikifuatwa na tarakimu tatu. Hiyo ni namba ya njia ambayo satelaiti ilipita. Picha zako mbili lazima ziwe na R ileile. Baadaye kidogo kuna T, ambayo ni namba ya kigae, yaani kipande cha mraba ambacho picha hukatiwa, nayo lazima ifanane. Kwa Baltoro vigae vinaanza na T43S, kwa Mwanza vinaanza na T36M.

Kwa nini ung'ang'anie R? Satelaiti hii iko kilomita 786 juu na inapiga picha ya ukanda wenye upana wa kilomita 290. Mahali palipo ukingoni mwa ukanda panaonekana kwa kuinama nyuzi kumi hivi. Picha hunyooshwa kwa kutumia ramani ya miinuko, na ramani hiyo haiko sahihi kila mahali, hasa juu ya barafu inayokonda. Ikikosea mita 50 za urefu, mahali hapo panahama kama mita 9 kwa upande. Njia ya jirani inapatazama kutoka upande wa pili, hivyo panahama mita 9 kwa kinyume. Tayari una mita 18 za mwendo ambao haupo. Ukitumia njia moja kwa picha zote mbili, kosa linakuwa lilelile na linajifuta lenyewe.

Sharti la pili: msimu mmoja. Chukua Septemba ya mwaka huu na Septemba ya mwaka unaofuata, au Agosti kwa Agosti. Sababu ni kivuli. Jua likibadilika, kivuli cha kilele kinahama, na programu itafuata kivuli ikidhani ni barafu. Julai hadi Septemba pia ndipo theluji ya msimu imeyeyuka Karakoram na mawe yako wazi. Picha ya Februari ni shuka jeupe, usiijaribu.

Sharti la tatu: muda unaolingana na kosa. Tuseme picha zako zinapishana kwa mita 4, jambo la kawaida. Ukichukua picha zilizoachana siku 10, kosa hilo ukilibadilisha kuwa la mwaka linakuwa mita 146 kwa mwaka. Limemeza barafu nzima. Zikiachana siku 365, kosa ni mita 4 kwa mwaka. Ndiyo maana nasema anza na mwaka mmoja. Satelaiti mbili hupitia mahali pamoja kila baada ya siku tano, na watu wanavutiwa na hizo siku tano kana kwamba ni zawadi. Kwa barafu inayokwenda sentimita 40 kwa siku, siku tano ni mita 2 tu.

Usiende mbali mno pia. Baada ya miaka mitatu au minne uso wa barafu umeyeyuka, mawe yamepinduka, mabwawa madogo yamejaa na kukauka, na programu haitambui tena kitu.

Sharti la nne: angalia mawingu kwa macho. Asilimia ya mawingu iliyoandikwa ni ya kigae kizima chenye kilomita 110 kwa 110. Kigae chenye asilimia 30 kinaweza kuwa safi juu ya Concordia, na chenye asilimia 5 kikawa na wingu hapohapo unapopataka. Fungua onyesho, kuza, tazama.

Umefaulu kama: umeandika majina mawili ya faili, ukayapanga moja chini ya jingine, na R na T zinafanana herufi kwa herufi.

## Hatua ya 3: Jaribu kwanza juu ya mawe ya Mwanza

Wengi wanaiona hatua hii ni kupoteza bando. Mimi naiona ndiyo inayotenganisha mpimaji na mchora ramani. Kabla ya kupima kitu kinachosogea, pima kisichosogea, mahali unapopajua kwa miguu yako, ili ujue picha zako zinadanganya kwa kiasi gani.

Pakua picha mbili za Mwanza zenye R moja, zote za kati ya Juni na Agosti, miaka miwili tofauti. Miezi hiyo anga huwa nafuu. Satelaiti inapita mnamo saa tano asubuhi, na msimu wa mvua saa hiyo mawingu yameshaanza kujikusanya. Ghala lina viwango viwili vya uchakataji wa picha, L2A na L1C. Chagua chochote, mradi picha zote mbili ziwe za aina moja.

Fungua faili lililobanwa. Ndani ya folda ya GRANULE kuna folda ya IMG_DATA, na ndani yake mafaili yenye mwisho wa jp2. Kwenye L2A ingia folda ya R10m. Unahitaji faili moja tu, lenye B08, yaani mwanga wa infraredi ya karibu. Mwanga huo haupungukiwi sana na ukungu wa hewa, na unatofautisha vizuri maji, majani, mawe na barafu. Ziburute B08 zote mbili ndani ya QGIS.

Sasa chagua alama kumi zisizosogea. Hapa mji wenyewe utakufundisha kitu.

Mwamba wa Bismarck, kwa umaarufu wake wote, haufai. Kwa pikseli za mita 10 ni doa dogo tu ndani ya maji. Ufuko wa Kisiwa cha Saanane nao haufai, wala ufuko wowote: ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, na pale ambapo ufuko ni tambarare, mstari wa maji ulihama pikseli nyingi. Vizimba vya samaki vinayumba na nanga zake. Magugu maji ndiyo usiyaguse kabisa, kwa sababu upepo unaweza kuyatoa upande mmoja wa ghuba asubuhi na jioni ukayakuta upande wa pili.

Vinavyofaa ni mawe makubwa ya vilimani yenye kingo kali, pembe za njia ya kurukia ndege uwanjani Mwanza, makutano ya barabara za lami, na mapaa ya maghala makubwa yaliyokuwepo kwenye picha zote mbili. Daraja la Kigongo–Busisi linafaa ikiwa picha zote mbili zimepigwa baada ya ujenzi kukamilika. Upana wake ni kama pikseli tatu, na sehemu linapogusa nchi kavu inaonekana vizuri.

Weka kishale kwenye alama, andika mashariki na kaskazini kama QGIS inavyoonyesha chini ya kioo. Zima picha ya kwanza, washa ya pili, tafuta alama ileile, andika tena. Toa ya kwanza kwenye ya pili.

Onyo: namba zikisomeka kama 32.9 na −2.5, uko kwenye nyuzi. Rudisha mradi wako kwenye mfumo wa ramani wa UTM, zoni ya 36 Kusini kwa Mwanza, ili usome mita. Lakini usizibadilishe picha zenyewe kwenda mfumo mwingine. Kila ukibadilisha, pikseli zinachanganywa upya na unajiongezea kosa.

Umefaulu kama: tofauti za alama zako kumi zinazunguka sifuri, nyingi zikiwa chini ya mita 10. Ukiona zote zimeegemea upande mmoja, mathalani mashariki kwa mita 5 au 6, hujakosea wewe. Ndivyo picha zinavyopishana, na umeshajua cha kuangalia Baltoro.

## Hatua ya 4: Pakua jozi ya Baltoro na uikate

Fanya kama ulivyofanya Mwanza: B08 mbili, ndani ya QGIS, mradi ukiwa UTM zoni ya 43 Kaskazini. Kigae kizima ni kikubwa mno kwa kazi yetu, hivyo kata mstatili wa kilomita 20 kwa 20 hivi unaozunguka Concordia, ukiwa na barafu na miamba ya pande zote mbili.

Zikate picha zote mbili kwa mipaka ileile kabisa. Nakili namba nne za mipaka, usizichore kwa mkono mara mbili. Namba hizo ziwe zinagawanyika kwa 10, ili ukataji upite kwenye mstari wa pikseli na si katikati yake.

Umefaulu kama: picha zote mbili zina idadi sawa ya mistari na safu, na ukiwasha na kuzima ya juu harakaharaka, vilele vinatulia huku mistari ya mawe juu ya barafu ikiteleza kushuka bonde. Ukiona vilele vinarukaruka pamoja na barafu, rudi hatua ya 2 ukaangalie R.

Tulia hapo kidogo uwashe na kuzima mara kadhaa. Hakuna hesabu itakayokuonyesha vizuri zaidi ni wapi barafu inakwenda na wapi imelala.

## Hatua ya 5: Pima kwa mkono kabla ya kompyuta

Chagua alama kumi juu ya barafu: jiwe kubwa lenye kivuli, kona ya mstari wa mawe, ncha ya ufa mkubwa. Epuka mabwawa ya bluu juu ya barafu, yanabadilika umbo. Kisha chagua alama kumi kwenye miamba iliyo wazi, zigawanye pande zote za bonde.

Mwamba wa kufaa ni ule ulioshikamana. Usichague kokoto zilizomwagika mteremkoni wala tuta la mawe linaloegemea barafu: hivyo vinasogea kweli. Usichague palipo na theluji au kivuli.

Nikupe hesabu moja kamili kwa namba za mfano. Alama ya barafu kwenye picha ya kwanza iko mashariki 636,420 na kaskazini 3,955,310. Kwenye picha ya pili, siku 360 baadaye, iko 636,290 na 3,955,350. Tofauti ni −130 kwa mashariki na +40 kwa kaskazini. Yaani imekwenda magharibi na kaskazini kidogo.

Sasa miamba. Panga tofauti zake kumi kuanzia ndogo hadi kubwa na uchukue ya katikati. (Zikiwa kumi, chukua wastani wa ya tano na ya sita.) Usitumie wastani wa zote, kwa kuwa alama moja uliyokosea itauvuta. Tuseme umepata +4 mashariki na −3 kaskazini. Hicho ndicho kiasi picha zilichopishana, kwa hiyo kiondoe kwenye barafu: −130 toa 4 ni −134, 40 toa −3 ni 43.

Umbali ni kipeo cha pili cha 134 jumlisha kipeo cha pili cha 43, kisha kipeuo chake: 17,956 + 1,849 = 19,805, kipeuo chake ni mita 140.7. Gawa kwa siku 360, unapata mita 0.39 kwa siku. Zidisha kwa 365: karibu mita 143 kwa mwaka.

Bado hujamaliza. Baada ya kuondoa ile +4 na −3, miamba yako haitasoma sifuri kamili. Itatawanyika, huyu mita 3, yule mita 8. Mtawanyiko huo ndio kosa lako. Ukiwa wa mita 8, andika "mita 143 kwa mwaka, kosa mita 8". Kuandika 142.68 ni kujidanganya.

Umefaulu kama: mishale ya barafu inaelekea bondeni, kasi ni kubwa katikati ya mto wa barafu na inapungua kuelekea kingo, ambako barafu inakwaruzana na miamba. Mshale mmoja unaopanda mlima ni alama uliyoifananisha vibaya. Ifute, tafuta nyingine.

## Hatua ya 6: Iachie kompyuta kazi ya kurudiarudia

Mkono umekupa nukta kumi. Programu itakupa maelfu kwa mtindo uleule: inachukua kipande kidogo cha picha ya kwanza, inakisogezasogeza ndani ya eneo kubwa zaidi la picha ya pili, na kila mahali inapima ulinganifu. Panapofanana zaidi ndipo kipande kilipohamia. Kwenye scikit-image kazi hiyo inafanywa na match_template. Picha unazisoma kwa rasterio, na majibu unayaweka kwenye jedwali.

Maamuzi matatu ni yako, programu haikuamulii.

Ukubwa wa kipande. Anza na pikseli 32 kwa 32, yaani mita 320 kila upande. Ukionyeshwa kipande cha kanga chenye doa moja jekundu huwezi kusema ni kanga gani; ukionyeshwa kipande chenye pindo na maandishi kidogo, unaijua mara moja. Kipande cha 8 kwa 8 kina doa tu, na programu itakiona kila mahali. Lakini kipande cha 128 kinachanganya katikati ya barafu na kingo zake, na jibu linakuwa la kati na kati. Jaribu 32, kisha 48, ulinganishe.

Eneo la kutafutia. Lazima lizidi mwendo mkubwa unaoutarajia. Barafu ikiweza kusogea pikseli 20, ongeza 25 kila upande wa kipande: 32 + 25 + 25 ni 82. Ukitoa nafasi ya pikseli 10 tu, programu haitakwambia "sijaona". Itakuletea kinachofanana zaidi ndani ya hizo 10, kwa ujasiri kabisa. Dalili ya kosa hili ni majibu mengi kurundikana kwenye ukingo wa eneo la kutafutia.

Kiwango cha kukubali. Ulinganifu unasomeka hadi 1. Tupa majibu yote yaliyo chini ya 0.6 kwa kuanzia. Utabakiwa na mashimo kwenye ramani, hasa juu penye theluji laini. Acha mashimo yabaki. Ramani yenye matundu ya kweli inafaa kuliko ramani iliyojazwa kwa kubahatisha.

Suala moja linawatisha wengi bure: picha zilizotengenezwa tangu Januari 2022 zimeongezewa 1,000 kwenye kila pikseli ya Sentinel-2, hivyo picha ya zamani na mpya hazilingani mwanga. Kwa match_template haisumbui, kwa sababu ulinganifu unatoa wastani wa kila kipande kabla ya kulinganisha.

Onyo kubwa la hatua hii: kwenye kompyuta mistari ya picha inahesabiwa kutoka juu kwenda chini. Mstari ukiongezeka, umekwenda kusini. Kwa hiyo tofauti ya mistari uizidishe kwa −10 ndipo uipate kaskazini, na tofauti ya safu kwa +10 uipate mashariki. Anayesahau alama hiyo ya kutoa anapata ramani maridadi ambamo mto wa barafu umegeuzwa, na kasi zote ziko sahihi, ndiyo maana halioni kosa.

Umefaulu kama: nukta zako kumi za mkono na majibu ya programu mahali palepale hayapishani kwa zaidi ya pikseli moja.

## Hatua ya 7: Ihoji miamba tena

Leta mipaka ya barafuto ya Randolph ndani ya QGIS. Kila nukta iliyo nje ya mipaka, kwenye mteremko usio na theluji wala kivuli, ni shahidi wako. Sasa unao mamia.

Chukua namba ya katikati ya mashariki na ya kaskazini, uziondoe kwenye ramani nzima, kisha uangalie mtawanyiko uliobaki. Zaidi ya hapo, ipake rangi miamba peke yake kwenye ramani. Ikiwa upande wa kushoto wa picha unasoma +6 na wa kulia −6, namba moja ya kuondoa haitoshi. Kuna mteremko wa kosa ndani ya picha, na dawa ya haraka ni kukata eneo dogo zaidi au kubadilisha mojawapo ya picha.

Kisha safisha barafu yenyewe. Nukta inayotofautiana kabisa na majirani zake wanane, kwa kasi au kwa mwelekeo, itupe. Barafu nene haiwezi kwenda mashariki hapa na magharibi mita mia mbili mbele.

Umefaulu kama: ramani ya miamba haina mpangilio wowote unaouona kwa macho, na mtawanyiko wake ni mdogo mara kadhaa kuliko kasi ya barafu unayotaka kuitangaza. Sehemu ya barafu inayosoma mita 6 kwa mwaka wakati miamba inatawanyika kwa mita 8, hiyo usiseme inatembea. Karibu na mwisho wa chini wa Baltoro utakutana na sehemu nyingi za namna hiyo.

## Hatua ya 8: Linganisha na kipimo cha wengine

NASA wana mradi uitwao ITS_LIVE unaotoa kasi za barafuto za dunia, umetengenezwa kwa picha za satelaiti za Landsat na Sentinel, na ni bure. Fungua ramani yao, bofya palepale ulipopima, soma. Fanya hivi mwishoni. Ukitazama jibu kwanza, jicho litaanza kuchagua alama zinazolipendeza jibu.

Msipolingana namba kwa namba, hilo ni la kawaida: kasi hubadilika mwaka hadi mwaka na msimu hadi msimu. Kiangazi maji ya kuyeyuka hupenya hadi chini ya barafu na kuitelezesha, kwa hiyo ukipima Julai hadi Agosti ukazidisha ili upate mwaka, utazidisha na hilo ongezeko. Kasi ya kiangazi iite kasi ya kiangazi. Kumbuka vilevile kwamba picha hizi zinapima mwendo wa ulalo tu. Barafu iliyokonda kwa kushuka chini haionekani hapa.

Umefaulu kama: tofauti yako na yao iko ndani ya makosa yenu mawili mkiyajumlisha, au unaweza kuieleza kwa mwaka na msimu.

## Ukikwama

Ukitaka mtu akusaidie, mimi au mwalimu wako, picha ya ramani yenye rangi haitoshi kuonyesha tatizo liko wapi. Tuma vitu hivi: majina kamili ya mafaili mawili, ukubwa wa kipande na wa eneo la kutafutia, namba ya katikati ya miamba kwa mashariki na kaskazini, na mtawanyiko wake. Mara nyingi ukimaliza kuviandika hivyo vinne utakuwa umeshaona R mbili zisizofanana, na hutahitaji kutuma.